Muuza Nyama na Kipande Kilichobaki

Mtaani walimwita Kisu, na jina lenyewe alilipenda. Bucha yake ilikuwa kwenye kona ya soko, vigae vyeupe vinasuguliwa kila asubuhi, nyama imetundikwa kwenye ndoano kwa mpangilio, na inzi hana kazi mle ndani. Mwenye kutaka nyama ya kumpikia mkwe alikwenda kwa Kisu. Mwenye kutaka nyama rahisi alikwenda kwingine, na yatakayomkuta akajua mwenyewe.

Kwenye maini ndiko alikokuwa mbishi kupita kiasi. Ini halikupanda kwenye mizani yake kabla hajalipitishia kidole gumba polepole. Ini zima, alisema, kingo zake nyembamba na rangi yake imekolea. Ini lililoingiwa na mafuta huvimba kingo, hupauka likawa kama udongo, huacha utelezi kwenye kisu, na ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea. Likielea, Kisu alilitupa kwenye pipa la mabaki, hata kama mkaguzi wa nyama alishaligonga muhuri na wateja wamepanga foleni mpaka barabarani. Na mteja akirudisha nyama, kwa sababu yoyote ile, Kisu hakubishana naye. Aliipokea, akakata nyingine nzuri zaidi, akampa na kumwomba radhi.

"Sijamuuzia mtu ini la mafuta," alikuwa akisema, "na sitaanza uzeeni."

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekuja kujaribiwa kwa ini.

Binti yake wa mwisho, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, alikuwa fundi wa kushona. Aliugua ghafla. Ilianza kama uchovu tu, macho yakageuka manjano, na walipofika hospitali kubwa waliambiwa virusi vimelila ini lake na kilichobaki hakitoshi kumweka hai. Daktari mpasuaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwakalisha wazazi akawaambia njia iliyobaki ni moja: mtu mzima mwenye afya akatwe sehemu ya ini lake, apewe binti.

"Na yule aliyekatwa?" mama yake Kitinda aliuliza.

"Ini lina maajabu yake, mama. Ukilikata, linalobaki hukua mpaka likarudi kiasi chake. Na kile kipande anachopewa mgonjwa nacho hukua."

Ndugu wakapimwa. Huyu damu haikukubali, yule ana presha, mwingine aliomba ruhusa ya kwenda chooni na hajarudi mpaka leo. Akabaki Kisu. Alilala kwenye mashine bila hofu yoyote, lakini picha zilipotoka daktari alitikisa kichwa.

"Mzee, ini lako lina mafuta. Ini lenye mafuta hatulichukui. Halitamfaa binti, na linaweza kukumaliza wewe."

Maneno hayo yalimkata maini. Yeye, aliyetupa maini ya ng'ombe wa watu kwa dharau maisha yake yote, aambiwe lake ndilo lingeelea kwenye ndoo. Alirudi nyumbani akaacha nyama, akaacha vya kukaanga, akawa anatembea alfajiri mpaka jasho linamchuruzika, mpaka mkewe akalazimika kuipunguza suruali yake kiunoni. Aliporudi kupimwa, baada ya majuma ambayo Kitinda alishikiliwa kwa dawa hospitalini, daktari alitabasamu. Mafuta yamekwisha, ini linafaa. Wakamkata. Kipande kikubwa kilikwenda kwa Kitinda, kidogo kikabaki kwake, na wote wawili wakaamka salama.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa wanasemeshana.

Siku chache baada ya upasuaji, mpiga picha za ndani ya tumbo wa hospitali alikuja wodini anasukuma mashine yake ya magurudumu, mwanafunzi wake nyuma. Akampaka Kisu ile gundi baridi pembeni mwa mshono, akatelezesha kile kifaa chake huku macho yako kwenye kioo.

"Unaona linavyong'aa?" alimwambia mwanafunzi. "Hayo ni mafuta. Yameingia kote."

"Na la binti?"

"La binti nimelipiga asubuhi. Nalo limejaa vilevile."

Wakafuta gundi, wakamtakia mzee siku njema, wakaenda zao. Kwao lilikuwa jambo la kawaida, kama fundi mwashi kuona zege bichi, wala hawakufikiri kwamba yule aliyelala pale ana masikio. Kisu alibaki anaangalia dari.

Mngeniuliza mimi, ningesema hapo alitakiwa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Angeuliza neno moja tu, angejibiwa, akageuka ukutani akalala usingizi wake. Lakini mtu aliyesifiwa kwa jambo moja maisha yake yote huona aibu kuuliza jambo hilohilo. Tena alishaambiwa na daktari kwa kinywa chake: ini lenye mafuta hatulichukui. Sasa aulize nini tena? Akajijibu mwenyewe. Mafuta hayakuwa yamekwisha, yalijificha tu ndani, mashine ikadanganyika, na mwanawe yuko chumba kile cha pili na kipande kibovu tumboni. Amemuuzia mwanawe ini la mafuta. Uchungu ulimpanda, akalia kimyakimya, machozi yakimwingia masikioni.

Alipomaliza kulia akaanza kupanga. Mteja akirudisha nyama mbovu unafanyaje? Unambadilishia. Na kipande kingine kipo, kiko hukuhuku kwake, kidogo kweli, lakini daktari alisema kitakua. Akikisafisha kama alivyokisafisha mara ya kwanza, kikakua kikiwa safi, Kitinda atapewa hicho na kile kibovu kitatolewa. Na yeye Kisu abaki na nini? Msidhani hakulifikiria. Mtu aliyepasua ng'ombe maisha yake yote anajua hakuna ng'ombe mwenye ini la akiba. Alilifikiria, akalikubali, na moyo wake ukatulia.

Kuanzia siku hiyo akaacha kula.

Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyetolewa kidole tumbo na kidonda kikachelewa kufunga, mtu mwenye maneno mengi na njaa isiyoisha.

"Mzee, hicho chakula unakiangalia wewe au kinakuangalia chenyewe?"

"Kula, kijana. Mimi nyumbani wameniletea."

Wakaja wa nyumbani, akawaambia amekula cha hospitali. Mayai yakaenda kwa dereva, samaki akaenda kwa dereva, maziwa yakaenda kwa dereva, na dereva akanenepa wodini, jambo ambalo masista walisema hawajapata kuliona. Kisu mwenyewe alikunywa maji ya ndimu na kutembea. Koridoni kwenda, koridoni kurudi, mkono mmoja kaushika mshono, meno kayauma kwa maumivu. Alikuwa anachoma mafuta. Masista wakamsifu. "Mwigeni mzee," waliwaambia wagonjwa wengine, "hana uvivu."

Mkewe hakudanganyika kirahisi. Siku moja alikuja na chupa ya supu, akavuta kiti, akakunja mikono.

"Kunywa nikuone."

"Ya moto, mama Kitinda. Iache ipoe."

"Umeanza lini kuogopa supu ya moto?"

"Tangu nipasuliwe tumbo."

Mkewe akaguna. Alitaka kubaki mpaka amwone akimeza, lakini muda wa kuona wagonjwa ulikwisha na mlinzi akapita anawatoa watu. Alipotoka tu, supu ikaenda kulikokwenda mayai na samaki.

Kilichomnyima Kisu usingizi ni Kitinda. Huyo walikuwa wanamlisha. Kila kijiko wanachompa wanaliongezea lile bovu mafuta, litamuua kabla hajabadilishiwa. Walipomruhusu kwenda kumwona, alivaa barakoa na joho la hospitali, akakaa karibu na kitanda cha mwanawe, akasubiri sista atoke.

"Baba, umekonda," Kitinda alisema.

"Achana na mimi. Wanakupa chakula?"

"Kila nikifumbua macho naona kijiko."

"Usile."

Kitinda alidhani baba yake anatania. Alipoona hatanii, akajivuta juu ya mto. "Wamesema nisipokula sitapona."

"Wao wanajua dawa. Maini nayajua mimi. Lile nililokupa limeingiwa na mafuta, nimesikia kwa masikio yangu, na hawataki kutuambia. Kunywa maji, chakula kifiche, kimwage, mpe anayefagia. Nivumilie kidogo tu, mwanangu, nalitengeneza. Umewahi kunisikia nikimdanganya mtu kuhusu ini?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Mnafikiri angesema nini? Mtu amekubali kupasuliwa kwa ajili yako, amekaa mbele yako mifupa ya mashavu imemtoka, anakuomba jambo moja. Nani atamkatalia mtu aliyekupa ini?

"Sawa, baba," alisema. "Nimekusikia."

Kisu akatoka na amani. Yaani alitoka amefurahi, mtu mzima yule, kwa kumkataza mtoto mgonjwa kula. Usilolijua ni sawa na usiku wa kiza, wahenga hawakukosea.

Haukupita muda, mwili ukaanza kumsema. Miguu ilivimba ikawa inang'aa. Tumbo, ambalo halikuwa limeingiza kitu, likajaa maji. Asubuhi moja dereva alimwangalia akanyamaza, na dereva yule hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mzee," alisema mwishowe, "macho yako yamekuwa ya manjano."

Daktari akaja, akarudi tena na wenzake. Walimtoa damu, wakapima mishipa ya ini, wakatafuta usaha, wakatafuta kama nyongo inavuja. Hawakuona kitu. Walisimama miguuni mwa kitanda wakinong'onezana, mmoja akasema labda wamfungue tena, mwingine akasema hatastahimili. Kisu alisikia yote mawili, na lililomtia hofu ni moja tu: wasije wakamfungua kabla kazi yake haijakamilika.

"Unakula, mzee?" daktari aliuliza.

"Nakula vizuri."

Dereva akakohoa. Kisu akamkazia macho, dereva akajifunika shuka.

Mpiga picha akaitwa tena. Kisu alijua leo ndiyo leo. Kile kifaa kikateleza upande huu, kikateleza upande ule, kikarudi. Mpiga picha alipima, akafuta, akapima upya, na muda wote huo hakusema neno.

"Vipi?" Kisu aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza anauliza.

"Mafuta hayapo," mpiga picha alisema, kama mtu anayejisemea. "Yamekwisha kabisa."

Kisu alifumba macho akashukuru. Alijiona amefika. Alipoyafumbua, mpiga picha alikuwa ameiacha mashine inawaka na gundi tumboni mwa mtu, anakwenda upesi koridoni kumwita daktari.

Daktari alikuja akihema. Kabla hajasema neno, Kisu alijiinua kwa kiwiko.

"Daktari, sasa limesafika. Mbadilishie."

"Nimbadilishie nani?"

"Mwanangu. Lile nililompa lina mafuta, najua, msinifiche. Hili nimelisafisha. Likate lote umpe, lile bovu ulitupe. Mimi nimeridhika, hata sasa hivi niko tayari kuweka sahihi."

Daktari alikaa pembeni mwa kitanda. Alikuwa amepasua watu miaka mingi, lakini ombi kama hilo hakuwahi kuletewa na mtu.

"Umelisafisha vipi?"

Aliyejibu ni dereva, kutoka chini ya shuka lake. "Hali kitu, daktari. Chakula chake chote nakula mimi. Nilidhani hakipendi tu, Mungu ni shahidi."

Daktari alipitisha mkono usoni. Akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Mzee, nisikilize vizuri. Yale mafuta ya mwanzo yalikuwa yamekaa tu, miaka kwa miaka, yanalichosha ini. Nilikuambia uyaondoe, ukayaondoa, na hukukosea. Haya ya baada ya kukatwa ni mengine. Ini likikatwa linayaita lenyewe kutoka mwilini, linayaweka karibu kwa ajili ya kazi iliyo mbele yake. Ndizo kuni zake, ndiyo matofali yake. Linakua huku linayatumia, na likimaliza yanapungua yenyewe. Hatujui kila kitu kuhusu jambo hili, lakini wanyama wa maabara waliozuiwa mafuta hayo, maini yao yalichelewa kukua. La kwako limekosa mafuta, limekosa chakula, halijakua. Liko vilevile nilivyoliacha mezani siku ya upasuaji, na sasa limechoka."

"Daktari, nimeshika maini maisha yangu yote. Ini la mafuta ni ini bovu."

"Umeshika ya waliochinjwa, mzee. Linalokua hujalishika hata mara moja."

Kisu aliutazama mkono wake, kile kidole gumba cha kupimia maini.

"Usipoanza kula leo, sina cha kukusaidia," daktari aliendelea. "Wewe huna wa kukukatia. Na binti siwezi kumkata akurudishie."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya supu, amesikia kila kitu. Alikuja mpaka kitandani akaibwaga chupa juu ya kabati.

"Nimekuzalia, nimekupikia, nimekufulia nguo zenye damu ya ng'ombe maisha yangu yote," alisema, sauti inamtetemeka, "na wewe unataka kuniacha kwa ujinga. Ingekuwa ugonjwa ningenyamaza. Nina mtoto kitandani kule, nina mume kitandani huku, na huyu wa huku ananidanganya kwa supu yangu mwenyewe." Akakaa kitini akalia bila kujifunika uso.

Kisu hakuwa akimsikia vizuri. Kuna jambo alikuwa akilipigia hesabu. Kama mafuta ndizo kuni, na kuni zinatokana na chakula, basi kule chumba cha pili amefanya nini?

"Daktari," alisema. "Kitinda."

"Kitinda ana nini?"

"Nilimwambia naye asile."

Daktari alisimama. Hakumkemea, na bora angemkemea. Alitoka mbio, koti linapepea, na wodi nzima ikasikia viatu vyake vikipotelea koridoni. Mkewe akainuka kitini, akamtazama mumewe kama mtu asiyemjua. Kisu akajaribu kushuka kitandani amfuate daktari. Miguu ilikataa. Jasho jembamba likamtoka, chumba kikaanza kuzunguka, na kitu cha mwisho alichokisikia ni mkewe akimwita sista.

Alipozinduka, dripu ilikuwa imerudi mkononi. Sista alimwambia sukari ilishuka vibaya.

"Mwanangu?"

Sista hakujua, yeye ni wa wodi hii. Mkewe hakuwepo. Daktari hakuwepo. Dereva alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake ameinamisha kichwa, na utani wote umemwisha. Sidhani kama kuna kitu kinachomtesa mtu kuliko kungojea habari aliyoisababisha mwenyewe. Kisu alikuwa akimwona mwanawe anavyosema "sawa, baba, nimekusikia", mtoto mtiifu, mtiifu tangu anatambaa. Alijiuliza kama atamwona tena akiwa anapumua. Alijiuliza atamwambia nini mama yake. Kabatini waliweka bakuli la uji wa maziwa na agizo la daktari kwamba alimalize. Hakuligusa. Safari hii hakuwa na hila yoyote. Ale apone, halafu aishi vipi?

Mlango ukafunguliwa. Kilitangulia kiti cha magurudumu, mkewe anakisukuma, na daktari nyuma yao. Ndani ya kiti alikaa Kitinda, amefunikwa blanketi, barakoa usoni, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa meupe. Meupe kabisa, hayana manjano hata chembe.

"Shikamoo, baba."

Kisu alikuwa bado anayatazama macho yale.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

"Wewe?" Sauti ilimtoka kwa shida. "Wewe uniombe mimi radhi?"

"Nilikuongopea. Sikuacha kula. Siku ile ulipotoka tu niliomba uji. Nimekula kila walichoniletea, mayai, samaki, kila kitu. Ulikuwa unamtuma mama aniulize kama navumilia, nami namjibu akwambie navumilia, huku natafuna." Akavuta pumzi. "Niliogopa kukukatalia. Na niliogopa kufa. Nisamehe."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangekuwepo wodini siku ile wangetafuta methali nyingine.

"La kwake limejaa mafuta, mzee," daktari alisema, "na linakua vizuri sana. Nimetoka kuliangalia sasa hivi kwa macho yangu."

Kisu alimtazama mwanawe, akamtazama mkewe, akarudi kwa mwanawe. Mashavu yalikuwa yakimcheza.

"Umeniongopea."

"Ndiyo, baba."

"Machoni pangu."

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri," alisema Kisu, na machozi yakamshuka waziwazi mbele ya dereva na sista na kila aliyekuwa mle. "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sijui ningefanyaje kama ungenisikia."

Nisiwaweke roho juu: hakufa. Lakini ilikuwa safari. Palikuwa na maji ya kutolewa tumboni, palikuwa na homa, palikuwa na asubuhi ambazo daktari alitoka chumbani bila kumtazama mama Kitinda usoni, na mama Kitinda akaelewa. Hayo yote yalikuwa bado mbele, na saa ile hakuna aliyejua yangeishia wapi. Saa ile palikuwa na bakuli tu, na uji uliopoa, na mtu mwenye macho ya manjano ambaye hakuwa na nguvu ya kushika kijiko.

Kitinda alilichukua bakuli kutoka kabatini. Alipoinama, mshono ulimvuta akakunja uso. Mama yake akanyoosha mikono ampokee, Kitinda akakataa kwa kichwa. Akaishusha barakoa yake kidogo ili baba yake amwone mdomo anapozungumza, daktari akataka kumzuia, kisha akamwacha.

"Uliniambia nisile, nikasema sawa," alisema. "Mama alikuambia unywe supu, ukasema ipoe kwanza. Nyumba hii sasa naijua. Kwa hiyo sitaki useme sawa, baba. Nataka nikuone ukimeza."

Akajaza kijiko, akakisogeza. Uji kidogo ukamwagikia shuka. Kisu alifungua kinywa. Ulishuka kwa shida, ukamchoma kooni, akafumba macho akameza tena kuusukuma chini.

"Kingine," alisema Kitinda.

Akafungua kinywa.